Mfanyakazi kapiga simu usiku anasema anaumwa, sasa we bosi unafanyaje?

Simu ikiita saa tisa na nusu usiku kwangu haijawahi kuwa habari njema. Nina bekari ndogo Tabata, watu 17 ukijumlisha na vijana wawili wa guta, na shifti ya tanuri inaingia saa kumi kamili usiku ili mikate iwe madukani kabla watoto hawajaenda shule. Kwa hiyo simu ya muda huo maana yake ni moja tu, "Mama shikamoo, leo sitaweza kuja, naumwa." Miaka ya mwanzo nilikuwa naitikia kwa kununa, nasema haya sawa kwa sauti ambayo hata mtoto anajua hapo hakuna sawa, halafu mwisho wa mwezi nakata siku yake bila hata kuuliza. Nilijiona mkali. Kumbe ukali wenyewe ndo ulikuwa unanitengenezea wagonjwa, wa kweli na wa uongo.

Naandika haya kwa wenye biashara kama yangu, watu 5, watu 20, huna ofisi ya rasilimali watu, we mwenyewe ndo meneja ndo mhasibu ndo unayepokea simu. Wenye makampuni makubwa wana wanasheria wao.

Kabla ya yote jua sheria inasemaje

Hapa wengi tunajipiga chenga. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, siku 63 zinazofuata nusu mshahara. Sasa watu wanasikia 126 wanashika kichwa wanadhani ni kila mwaka, hapana, ni ndani ya mzunguko wa miezi 36 ya kazi mfululizo, yaani miaka mitatu. Mtu mwenye mshahara wa laki nne akiumwa miezi miwili na ushee unampa laki nne zake kila mwezi kama kawaida, baada ya hapo laki mbili mbili mpaka siku zake ziishe. Na hizo siku si lazima ziwe za mkupuo mmoja, leo mbili, mwezi ujao nne, zote zinaingia kwenye hesabu ileile, ndo maana bila daftari huwezi kujua mtu yuko siku ya ngapi.

Sheria hiyohiyo inakulinda na wewe. Asipoleta cheti cha daktari hulazimiki kumlipa hizo siku. Na kwa kawaida mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kazini hajaanza kustahili likizo ya malipo, ila wa msimu wana utaratibu wao na yule unayemwita na kumwachisha mara kadhaa ndani ya mwaka, ukijumlisha vipindi vyake vikazidi miezi 6, naye anastahili, usije ukasema "huyu deiwaka tu" wakati yupo na wewe tangu mwaka juzi.

Kuna rafiki yangu ana duka la vifaa vya ujenzi alitoa sera ya likizo mtandaoni, akaifotokopi, akabandika ukutani, siku 7 mshahara kamili na siku 7 nusu. Nikamwambia dada hii ni ya Kenya! Kule sheria yao ya ajira ya 2007 ndo inasema hivyo kama kiwango cha chini, kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi. Amekaa nayo ukutani mwaka mzima na wafanyakazi wake wamekatwa pesa ambayo ni haki yao. Kwa hiyo ukiiga karatasi ya mtu angalia kwanza imeandikwa nchi gani.

Simu yenyewe

Utaratibu wangu wa sasa upo kwenye karatasi moja tu, kila anayeajiriwa anaisoma na kusaini. Apige mwenyewe, asitume meseji wala asimtume mdogo wake, labda awe amelazwa au hali ni mbaya. Apige mapema, kwangu ni angalau saa moja kabla ya shifti ili nipate muda wa kumwita mwingine. Ampigie supavaiza wa shifti, asipopatikana anipigie mimi. Basi. Karatasi ndefu hakuna anayeisoma.

Na kwenye simu mi nauliza vitu vitatu. Unaendeleaje na una mtu wa kukusaidia hapo? Unaenda hospitali saa ngapi? Unadhani utarudi lini, au tuongee tena kesho jioni? Mwishoni nauliza kama kuna kitu cha kazi kakiacha njiani, mfano funguo za stoo anazo yeye (hii imenitokea, tumevunja kufuli usiku unga uko ndani na tanuri limeshawaka). Siulizi unaumwa nini. Akitaka kusema atasema, na wengi wanasema wenyewe hata hujauliza, ila wewe usimchimbe.

Jinsi unavyopokea hiyo simu ndo inaamua kila kitu. Miaka kadhaa nyuma kijana wangu wa tanuri alinipigia, sauti imekauka, anatetemeka mpaka nasikia kwenye simu. Nikamwambia "kunywa panadoli uje, leo kuna oda." Akaja. Saa kumi na moja hivi anatoa trei, homa imempanda, akayumba, akaegemea mlango wa tanuri kwa mkono mzima kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Sitasahau ile harufu. Alikaa nje wiki saba. Yaani siku moja niliyomnyima ikaniletea wiki saba, na hospitali nikalipa mfukoni kwangu kwa sababu nilikuwa sijajisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nilikuwa naona ni makato tu ya serikali. Mtu akiumia au akipata ugonjwa kwa sababu ya kazi, mfuko ndo unabeba matibabu na fidia, ila wewe mwajiri unatakiwa uwe umesajiliwa, unachangia, na utoe taarifa mapema, usikae na fomu mpaka jeraha lipone. Kama hujajisajili acha kusoma hapa nenda kajisajili halafu urudi.

ED, vyeti, na vya kununua

Hospitalini anapewa ED, ile karatasi ya kupumzika. Iwe na jina la kituo, jina la daktari na namba yake ya usajili, mhuri, tarehe, na siku ngapi kapewa. Ugonjwa wenyewe si lazima uandikwe na mi siulizi. Sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na hapo ujue huwezi kumkataa huyo mtaalamu bila sababu ya maana. Mfanyakazi anakaa ndani kabisa huko Chanika, zahanati ya karibu ina tabibu mmoja, ukidai lazima iwe hospitali ya wilaya unamtesa tu.

Sasa za kununua zipo, tusidanganyane. Zina dalili zake, mhuri umekolea vizuri kuliko maandishi, tarehe imefutwafutwa, karatasi ni za kituo kilekile kwa watu watano tofauti wanaokaa mitaa mitano tofauti. Ukiwa na wasiwasi piga simu kituoni au nenda, uliza swali moja tu, hii karatasi imetoka kwenu na tarehe hii? Watakujibu ndiyo au hapana. Usiulize kaumwa nini, hawatakiwi kukuambia na wewe hutakiwi kujua. Ikithibitika ni feki hilo sasa ni kosa la udanganyifu, lina utaratibu wake wa nidhamu, unamwandikia, unamsikiliza akiwa na mwenzake, ndo unaamua. Lisichanganywe na ugonjwa.

Lakini jamani ngojeni niwaambie kitu ambacho kilinichukua muda kukiona. ED feki nyingi nilizisababisha mimi. Nilikuwa nadai karatasi hata kwa siku moja. Fikiria mtu ana tumbo la kuharisha, kitu cha kulala na kunywa maji ya chumvi na sukari siku moja akapona, mimi nataka apande daladala mbili, akae foleni, alipie kumwona daktari, alete karatasi. Na akishafika huko akalipia, unadhani atapewa siku moja? Anapewa tatu! Nilikuwa namfukuza mtu wa siku moja anarudi na siku tatu zenye mhuri halali kabisa. Mwingine asiye na hela ya hospitali ananunua karatasi ya bei poa. Siku hizi siku ya kwanza sidai karatasi, mtu ana ruhusa ya siku kama hizo mbili kila miezi mitatu kwa neno lake tu na analipwa. Sheria haijanilazimisha, ni uamuzi wangu, na siku za kukosekana zilipungua. Wapo wanaozichukua zote mbili kila robo kama posho, ndio, nawajua kwa majina, ila hata ukijumlisha bado ni hasara ndogo.

Daftari

Kama utachukua kitu kimoja hapa chukua hiki. Daftari la kaunta la kawaida, si lazima kompyuta. Nachora mistari: jina, tarehe ya kwanza kukosekana, siku ya wiki, shifti, tarehe ya kurudi, jumla ya siku, karatasi ipo au haipo, na jumla kuu tangu mzunguko wake wa miezi 36 ulipoanza. Ugonjwa hauna mstari wake. Mwisho wa mwezi nakaa nalo nusu saa na chai.

Lile daftari litakuambia vitu ambavyo hakuna mtu atakuambia. Kwanza zile Jumatatu za baada ya mshahara, hizo unazijua hata bila daftari. Ila mwaka juzi niliona kitu kingine. Watu watatu, wote karatasi zao ni halali, wanakosekana siku moja moja mbili mbili, na wote ni wa stoo ya unga na kuchekecha. Wa kaunta hawaumwi, wa guta hawaumwi, wa unga ndo wanaumwa. Nikaenda kukaa mule ndani nikiwa nimebeba stuli, nusu saa tu, kwenye mwanga wa dirisha unaona unga unaelea kama ukungu wa Lushoto, nikaanza kukohoa mwenyewe. Vumbi la unga linaleta pumu kwa watu wa bekari, ni ugonjwa wa kazi unaojulikana kabisa duniani, na mimi miaka yote nilikuwa nawaona wale vijana ni wavivu. Tulichofanya hakikuwa cha ajabu, tukahamishia kuchekecha kwenye baraza yenye hewa, nikafunga feni ya kutolea hewa nje, barakoa, na marufuku kukung'uta magunia ndani au kufagia kwa ufagio mkavu, tunapangusa kwa maji. Mmoja wao tayari kifua kilishaharibika, huyo nikamtoa kabisa kwenye unga yuko kwenye kufungasha. Wale wawili wanakosekana kama watu wengine sasa. Ndo mjue wagonjwa wako wakiwa wa kona moja ya kazi, mgonjwa ni hiyo kona, na hilo OSHA, wale wa serikali wa usalama na afya kazini, wakija kukagua watakuuliza.

Kule Uingereza kuna hesabu waajiri wanaitumia inaitwa Bradford, unachukua idadi ya mara alizokosekana, unaizidisha kwa yenyewe, halafu mara jumla ya siku. Aliyeumwa mara moja siku 10 anapata 10, aliyekosekana siku moja moja mara 10 anapata 1,000. Wazo ni kwamba kukosekana kidogokidogo kunavuruga kazi kuliko kulala wiki mbili mfululizo, na kwa bekari ni kweli kabisa, wa wiki mbili namtafutia mtu, wa siku moja ananikuta sina mtu. Niliijaribu. Nikaiacha, kwa sababu anayepata alama mbaya kuliko wote hakuwa mvivu, alikuwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu unaokuja na kuondoka. Itumie kama kengele ya kukufanya ukaongee na mtu, usiitumie kama hukumu.

Wanaosema wanaumwa kumbe si wao

Kulikuwa na binti wa kufungasha, hodari, mikono myepesi, ila kila mwezi lazima apotee siku mbili tatu na karatasi analeta. Nikamwita, siyo mbele ya watu, tukakaa nyuma kwenye kreti. Sikumuuliza "unaumwa nini kila siku", nilimuuliza kuna kitu naweza kukipanga ili usipotee hivi? Akanyamaza sana, anachezea ncha ya kanga. Kisha akasema Mama siumwi mimi, ni mtoto. Ana selimundu. Maumivu yakimwanza tunaenda wote hospitali, na mimi naomba karatasi kwa jina langu. Nikamuuliza sasa kwa nini hukuniambia? "Ningesema mtoto ungenipa siku?"

Sikuwa na jibu maana jibu lilikuwa hapana, wakati huo nisingempa.

Sheria hiyohiyo ya 2004 ina siku 4 za malipo za likizo kwa mtoto wa mfanyakazi akiumwa au akifariki, na kwa msiba wa mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Zile ni kiwango cha chini, na zinahesabiwa kwenye mzunguko uleule wa miezi 36, kwa mtoto kama yule hazifiki hata nusu mwaka. Tulichokubaliana ni kubadilishana shifti, anaingia mchana badala ya usiku wiki ambayo mtoto hayuko sawa, na siku za ziada tunazitoa kwenye zile siku 28 za likizo ya mwaka vipande vipande kwa maandishi, yeye mwenyewe alipendekeza. Tangu hapo hajaleta karatasi hata moja ya uongo. Na baada yake walikuja wengine wawili wakasema ya kwao, mmoja anamuuguza mama yake, mwingine alikuwa na kazi ya pili ya ulinzi usiku mwingine anakuja kwangu hajalala! Huyo wa mwisho tuligombana kidogo, lakini angalau nilijua nagombana na nini.

Mtu akijua ukweli wake una pa kukaa hana sababu ya kuazima ugonjwa.

Midomo

Grupu la WhatsApp la kazini ni hatari kuliko tanuri. Supavaiza wangu mmoja aliandika "leo J hayupo, bawasiri zimemshika hawezi kukaa", na vile vikatuni vya kucheka. Watu 17 wakasoma. Yule kijana alirudi siku nne baadaye anaitwa jina ambalo siwezi kuliandika, wiki mbili mbele akaacha kazi, na alikuwa ndo mtu pekee anayeijua mashine ya kukandia vizuri. Sasa kwenye grupu tunaandika "fulani hayupo leo, nani anaingia?" kwisha. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo ED zote zinakaa kwenye bahasha ya mtu mwenyewe ndani ya kabati lenye kufuli, ufunguo ninao mimi, hazikai kwenye droo ya kaunta chini ya risiti. Na mambo ya kumlazimisha mtu akapime VVU ili umwajiri au umrudishe kazini hayaruhusiwi, usijaribu.

Kuna upande wa pili kwa sisi wa chakula. Mtu anaharisha, anatapika, ana kidonda kinachotoa usaha mkononi, hakanyagi kwenye unga hata kama anasema yuko fiti, hata kama analia anataka kazi. Na ukimwambia arudi nyumbani mlipe, awe wa kudumu awe kibarua, kwa sababu kibarua asipolipwa atavaa glovu aje hivyohivyo akufichie, na mtaa mzima ukiharisha mikate yako hautauliza ilikuwa posho ya nani.

Akikaa muda mrefu

Mtu akipita wiki mbili tatu mnakubaliana nani anampigia na lini, kwangu ni mara moja kwa wiki na napiga mimi. Kwenda kumjulia hali ni desturi yetu na ni vizuri, nendeni na machungwa na mchango kidogo, ila muulizeni kwanza kama anaweza kupokea watu, na mkifika mkae kama watu waliokuja kumwona mgonjwa, siyo mnazungusha macho kama mnakagua kama kweli anaumwa. Wanaona.

Na hesabu za pesa mwambie mapema. Akifika siku ya 50 mwambie kwa upole kwamba zikipita 63 mshahara unaenda nusu, na umpe kwa maandishi. Mtu aje agundue nusu mshahara kwenye simu yake akiwa kitandani, ni ukatili, na ndugu zake watakuja juu.

Akirudi, siku ya kwanza kabla hajashika kitu mnakaa dakika tano. Pole, karibu, daktari kasema kuna kitu usifanye? Dawa zinakulevya, maana hapa kuna mashine? Nini kimebadilika wakati haupo? Naandika mistari miwili kwenye daftari anasaini. Kwa mwenye mgongo hakuna gunia la kilo 50 kwa muda daktari aliosema, anakaa kaunta au anahesabu kreti. Hizi dakika tano ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote hapa, na anayezoea kukosekana kwa uongo hazipendi kabisa, kwa sababu inabidi adanganye uso kwa uso. Hujamtukana wala kumtisha, umekaa naye tu na chai.

Ikifika pabaya

Kuna siku mtu hawezi tena. Imenikuta mara moja, baba mtu mzima, kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na kazi yake ilikuwa ya kukanda. Siku 126 zilikuwa zimeisha na watu wakaniambia basi mwachishe. Kuisha kwa siku peke yake hakukupi ruhusa ya kumwambia kwaheri. Kanuni za utendaji bora za 2007, zilizo chini ya sheria hiyohiyo ya ajira, zinataka uangalie chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, ni wa muda au wa kudumu, na kama unaweza kumpa kazi nyingine au kuibadilisha ile aliyokuwa nayo. Hapo unahitaji ripoti ya daktari, siyo macho yako. Unamwita kwenye kikao, au unaenda kwake, akiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, unamsikiliza, unaandika. Kama ugonjwa umetokana na kazi yako mwenyewe, jitahidi maradufu kabla hujafika huko.

Na usimchanganye na mtoro. Aliyepotea zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayoeleweka, hilo ni kosa la nidhamu na linaweza kufika kuachishwa, lakini hata huyo mtafute kwanza, piga simu, pigia ndugu aliyeandikwa kwenye fomu, tuma barua, tunza ushahidi kwamba ulitafuta. Watu wanakuwa wamelazwa na simu imeibiwa kwenye daladala. Ukifukuza kwa hasira ana siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na msuluhishi kitu cha kwanza atakachokuuliza ni karatasi ziko wapi.

Kwa yule mzee wetu tulikaa vikao vitatu. Tulijaribu kaunta, mkono haukubali kuhesabu chenji, yeye mwenyewe akasema mwanangu inatosha. Tukamlipa notisi ya siku 28, likizo ambayo hakuwa ameichukua, na kiinua mgongo, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha mpaka miaka 10, yeye alikuwa na 9. Nikamwandikia na hati ya utumishi, ni lazima kuitoa, na humo kuhusu ugonjwa sikuandika neno. Kijana wake ndo yupo kwenye mashine ya kukandia sasa, anaingia saa kumi.